Dawa unampa kuku, tatizo liko kwenye mbao: utitiri na taifodi kwa kuku wa mayai

Haya wafugaji, karibuni, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo, spika yenyewe mnaisikia inavyokohoa. Kwenye ratiba wameandika mada ndefu kweli, wadudu wa nje na magonjwa ya bakteria kwa kuku wa mayai, mi naikata nabaki na vitu viwili tu, utitiri na homa ya matumbo ya kuku, ile wengi wenu mnaiita taifodi, na nataka mtoke hapa mkijua kwanini hivi vitu viwili mnavitibu kama havijuani wakati viko banda moja.

Naomba mikono kwanza. Nani hapa kuku wake walipata taifodi, akawapiga dawa, wakachangamka, alafu baada ya wiki kadhaa ikarudi? Mh, karibu nusu ya ukumbi. Shusheni. Na nani aliamua basi, akauza wote, akaosha banda, akalipumzisha, akaleta wapya kutoka kampuni nyingine kabisa, na bado ikarudi? Mnaona, mikono imepungua ila haijaisha. Sasa hao wa pili ndo nimekuja kuongea nao. Wa kwanza jibu lao jepesi, kuku akipona taifodi mara nyingi anabaki na bakteria ndani, kwenye ini, kwenye kokwa la mayai, anaonekana mzima anakula anataga na huku anaendelea kuwagawia wenzake. Lakini wewe uliyeuza kuku wote mpaka wa mwisho, bakteria walikuwa wamekaa wapi wakikusubiri?

Mtu atasema panya. Sawa, panya wanabeba. Mwingine atasema vifaranga walikuja nayo, na inawezekana kweli kama wazazi wao hawakupimwa, manake huu ugonjwa unapita ndani ya yai. Mwingine atasema maji, viatu, trei. Yote sipingi. Ila kuna mmoja hamumtaji kabisa na yupo kwenye viungio vya mbao zako sasa hivi tunavyoongea.

Utitiri mnaujua, ukiingia kuokota mayai unatoka unajikuna mpaka mgongoni, watoto wanakataa kwenda bandani, mama anasema huyu kijana ana upele kumbe ni banda. Lakini kuujua kwa kuwashwa ni kitu kimoja na kujua anaishije ni kingine, na hapa ndipo pesa zinapopotelea. Huyu siyo kiroboto wala siyo chawa, huyu ukoo wake na kupe, mkubwa ana miguu minane, wataalamu wanamwita Dermanyssus gallinae, na aliyemwandika kwanza ni Mswidi mmoja anaitwa De Geer mwaka 1778, kwahiyo siyo mdudu wa juzi. Urefu wake milimita 0.7 hivi, akishiba anafika kama milimita 1. Akiwa na njaa ni wa kijivu unaweza kudhani vumbi la chakula, akinyonya anakuwa mwekundu, damu ikisagika tumboni anakuwa mweusi.

Na kitu kikubwa kuhusu yeye, haishi kwenye kuku. Narudia hapo. Haishi kwenye kuku, anaishi kwenye nyumba ya kuku. Mchana amejibana kwenye nyufa, chini ya fito za kulalia, kwenye kona za viota, nyuma ya misumari, ndani ya yale mabanzi mnayopenda kujengea kwa sababu ni bei rahisi, yenye magome, gome limeachana na mti kidogo tu basi pale chini ni mji mzima. Usiku taa zikizimwa anatoka, anapanda kwa kuku, ananyonya nusu saa mpaka saa moja, anashuka anarudi kujificha. Kwahiyo wewe ukimkamata kuku saa nne asubuhi ukapekua manyoya ukasema huyu hana utitiri uko sahihi kabisa, hana. Njoo saa nne usiku na tochi uangalie tena.

Hapa niweke angalizo moja haraka, kuna utitiri wa aina nyingine, Ornithonyssus, wenyewe unakaa kwenye kuku muda mwingi, hasa kule nyuma anakotagia, ukimgeuza mchana unakuta manyoya machafu meusi na wadudu wanakimbia kwenye vidole vyako. Huo unatibiwa juu ya kuku. Ndo maana nasema angalia mchana na uangalie usiku, ujue una nani, manake ukipaka kuku dawa wakati mdudu yuko kwenye ubao umepoteza hela, na ukipuliza ubao wakati mdudu yuko kwenye kuku umepoteza vilevile.

Turudi kwa yule wa usiku. Jike akishashiba, ndani ya saa 12 mpaka 24 anaanza kutaga, mayai 4 mpaka 8 kwa mkupuo mmoja, akila tena anataga tena, maisha yake yote kama mayai 30. Mtasema 30 kidogo, leya wangu anataga 300 kwa mwaka. Sawa, lakini leya wako, yaani kuku wa mayai, hawezi kukuza kizazi kizima ndani ya wiki moja. Yai la utitiri linaanguliwa siku mbili tatu, anatoka mtoto wa miguu sita ambaye hata hali, anajivua ngozi, ananyonya, anajivua tena, ananyonya, anakuwa mkubwa, na kama kuna joto na unyevu mzunguko wote huo unaweza kuisha kwa siku 7. Sasa nyie mnaofuga Dar, Tanga, Pwani huku, joto mnalo, unyevu mnao, mnataka nini tena. Ulaya kwenye mabanda ya keji, vile vizimba vya waya, yaliyovamiwa vibaya wameandika hesabu za mpaka wadudu 50,000 kwa kuku mmoja. Kuku mmoja.

Kuku aliyevamiwa sana anaweza kupoteza zaidi ya asilimia 3 ya damu yake kila usiku. Kila usiku jamani. Huyo ndo unamwona kilemba kimepauka kama karatasi, anakula sana hatagi vizuri, analala vibaya, wanadonoana, wengine wanagoma kuingia kwenye viota wanataga chini kwa sababu kule kwenye kiota wanaliwa, mayai yanatoka na vidoa vya damu kwenye gamba, mnunuzi anayarudisha. Vile vidoa ni utitiri uliopasuka ukiwa umeshiba, siyo kuku ameumia.

Na jambo la mwisho kumhusu kabla sijaingia kwenye bakteria. Huyu mdudu anaweza kukaa bila kula miezi 8 mpaka 9. Mazingira yakiwa mazuri kwake, siyo makavu sana. Wewe banda umelipumzisha muda gani? Wiki mbili? Mwezi? Unaona hesabu yako na yake zilivyopishana.

Haya, bakteria. Taifodi ya kuku inaletwa na Salmonella Gallinarum, iligunduliwa Uingereza na daktari Klein, mlipuko wenyewe ulikuwa mwaka 1888. Ana mwenzake anaitwa Pullorum, huyo anaua zaidi vifaranga, wanaharisha kinyesi cheupe kinaganda mkiani. Gallinarum anapenda wakubwa, tena ananyemelea mtetea alipoanza kutaga vizuri ndo unapigwa. Dalili si mnazijua, kuku anajikunja, kilemba kinapauka, kuhara kwa njano au kijani, na ukimpasua ini limevimba lina rangi kama shaba, bandama imevimba. Wale kuku wa kahawia wanaotaga mayai ya kahawia wanaugua zaidi kuliko weupe wa Leghorn, na humu ndani najua karibu wote mnafuga wa kahawia kwa sababu soko linataka hivyo na kuku wa kahawia akizeeka anauzika kwa nyama. Binadamu kwa kawaida hatuugui huyu Gallinarum, msiogope, anayetusumbua sisi kwenye mayai ni ndugu yake Enteritidis.

Sasa angalieni vizuri hapa. Kuku akiugua taifodi sana bakteria hawabaki tumboni, wanaingia kwenye damu wanasambaa mwili mzima. Na nani anakunywa damu usiku? Anakunywa, anashuka na damu yenye bakteria, anaingia kwenye ufa wake. Yule kuku kesho anakufa, unamzika, unasema nimeondoa chanzo. Chanzo kiko kwenye ufa kinasaga chakula. Kesho kutwa kinapanda kwa kuku mwingine. Na kuku naye siyo mjinga, akiona kadudu kekundu kanatembea kwenye ubao anakadonoa anakameza, tayari kameingia tumboni na mzigo wake. Kwahiyo njia ziko mbili, kuumwa na kumeza, na mi nafikiri hii ya kumeza tunaidharau sana.

Hii siyo hadithi yangu. Watafiti wa Italia, wa Bari, waliweka jambo hili kwenye majaribio wakatoa ripoti mwaka 2020, wakaonesha utitiri unaweza kuhamisha Gallinarum kutoka kuku wagonjwa kwenda kuku wazima na wale wazima wakaugua. Wafaransa kabla yao, mwaka 2007, walifanya na Enteritidis, wakaona mdudu anaweza kuibeba kwa kunyonya damu na hata kwa kugusana tu na ngozi yake ya nje. Kuna bakteria mwingine Erysipelothrix, Waswidi mwaka 2003 walimkuta kwenye utitiri wa mabanda ambayo kuku walikuwa wanakufa kwa ugonjwa huo huo. Lakini niwe mkweli kwenu, huyu wa Sweden ushahidi wake mi siuoni mzito kama wa Gallinarum, kumkuta bakteria ndani ya mdudu aliyetoka banda lenye ugonjwa haikwambii mdudu ndo aliyeuleta, mdudu anaweza kuwa amekula tu kilichokuwepo mezani. Kwahiyo mtu asiwaambie kila ugonjwa bandani ni utitiri. Kideri siyo utitiri. Gumboro siyo utitiri. Nasema taifodi inayorudi rudi kwenye banda lenye utitiri mwingi, hapo mshukiwa wa kwanza awe yeye.

Na kwa nini wengine wanashangaa? Wazee hapa wanaikumbuka homa ya papasi. Nyumba za udongo, papasi anakaa kwenye nyufa za ukuta na sakafu, anatoka usiku kuuma watu waliolala, mchana humwoni, anakaa na njaa muda mrefu sana, na anabeba bakteria ya homa. Mwaka 1905 mambo haya yalisumbua watu wakubwa, Robert Koch, yule daktari Mjerumani wa bakteria, alikuwa huku huku kwetu enzi za Mjerumani anachunguza papasi, akakuta wale bakteria mpaka kwenye mayai ya papasi, na mwaka huo huo Dutton, daktari wa Uingereza, alikuwa Kongo anachunguza homa hiyo hiyo akaipata mwenyewe ikamuua. Homa ya papasi ilipungua sana watu walipoanza kujenga kwa tofali na simenti wakaacha kulala chini. Siyo kwamba kila mtu alimeza kidonge. Nyumba ilibadilika. Na kuku wana papasi wao pia, Argas, anabeba bakteria wake mwenyewe, hilo linajulikana tangu 1903 kwa kazi iliyofanyika Brazil. Kwahiyo mdudu wa kwenye ufa kubeba bakteria ni habari ya zamani, ila kwenye leya tumeamua kusahau.

Badala yake tunafanya nini? Tunaenda agroveti. Tunasema kuku wanahara kijani, jamaa wa dukani anatoa oksi, yaani oksitetrasaiklini, au anatoa ile enro, yaani enrofloksasini, zote antibayotiki, unaweka kwenye maji siku tano, vifo vinapungua, unamshukuru Mungu na jamaa wa dukani. Mwezi ujao tena. Mwezi unaofuata dozi unaongeza kwa sababu ya kwanza haifanyi kazi, na haifanyi kazi kwa sababu umeshawafundisha bakteria kuizoea. Ni sawa na kupiga deki huku bomba linavuja. Na mayai ya siku hizo tano, yenye dawa ndani, umeyapeleka wapi? Nyamazeni tu, najua. Marekani wao enro kwa kuku waliifuta kabisa mwaka 2005 kwa sababu ya usugu wa bakteria wanaokuja kwa binadamu, sisi inauzwa na mtoto wa miaka kumi na tano anakaa dukani baba ameenda msikitini.

Sitaki kusema antibayotiki ni haramu. Kuku wanakufa kumi kwa siku lazima ufanye kitu. Ila fanya ukiwa na jibu la maabara, chukua kuku wawili watatu waliokufa sasa hivi, siyo waliooza, peleka TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, au kwenye maabara ya mifugo iliyo karibu, waoteshe bakteria, wakwambie ni nani na anasikia dawa gani. Gharama yake ni ndogo kuliko debe za dawa mnazomwaga.

Tuje kwenye banda lenyewe. Hatua ya kwanza ni kujua una wadudu wangapi na ni kazi ya bei ya bure. Chukua kipande cha boksi gumu lile lenye mawimbi katikati, kata kama kiganja, kibane chini ya fito ya kulalia au nyuma ya kiota, kiache siku kadhaa, alafu kitoe ukitumbukize haraka kwenye mfuko wa nailoni ufunge, ukung'ute juu ya karatasi nyeupe. Ukiona wachache hongera anza mapema. Ukiona kama umemwaga pilipili na chumvi vinatembea, una kazi. Weka vipande sehemu mbalimbali, wadudu hawakai sawa banda zima, wanapenda sehemu zao.

Kukiwa na kuku ndani, unachoweza kufanya ni kupunguza. Toa mabanzi, kama huwezi kuyatoa basi menya magome yote. Nyufa za ukuta ziba kwa simenti, mbao paka chokaa nzito, fito za kulalia ziwe zinatoka, siyo umezipigilia misumari milele, ziwe zinatoka nje zinapigwa jua na maji ya moto. Huyu mdudu joto la nyuzi 45 kwenda juu linamuua, Norway wanapasha banda zima moto na mashine likiwa tupu, wewe huna mashine ila una jua la saa saba mchana na una bati jeusi. Kuna unga wa silika unaopulizwa kwenye nyufa, unamkausha mdudu kwa kula ile nta ya ngozi yake, hauna sumu ya kwenye yai ila mapafu yako unayaharibu kama hujavaa barakoa ya maana, siyo ile ya kitambaa ya wakati wa korona.

Banda likitoka kuku ndo nafasi yenyewe ya dhahabu na hapa wengi mnaichezea. Mnauza kuku, mnafunga mlango, mnasema tutasafisha wiki ijayo. Usifunge. Siku ile ile au kesho yake, wadudu bado wako juu juu wanatafuta kuku, banda bado lina joto, hapo puliza. Ukingoja wiki wanaingia ndani kabisa wanatulia na njaa yao, utapuliza mpaka uchoke. Ukishapuliza toa maranda yote yaende mbali, osha kwa sabuni kwanza, dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya kinyesi, kisha dawa, kisha kausha, na puliza tena ya wadudu kabla hujaleta wapya. Bakteria na mdudu mnawaua kwa pamoja, ukiua mmoja mwingine anamrudisha.

Na mlango. Utitiri hauruki hewani kuja kwako. Unaletwa na trei za karatasi zinazozunguka soko zima, na matenga ya wanunuzi wa kuku waliochoka, leo ametoka kwa jirani kununua kuku wagonjwa bei ya hasara, saa hizi kaliingiza tenga lile lile ndani ya banda lako na wewe unamkaribisha chai. Unaletwa na ndege, shomoro na njiwa wanaojenga chini ya paa, weka wavu. Trei nunua za plastiki zako, zioshe, za karatasi ziende hazirudi. Mnunuzi akutane na kuku nje ya geti. Atanuna, atanunua tu.

Haya nimeongea sana, maswali.

Mama pale mwenye kilemba cha kijani anasema bibi yake alikuwa anaweka majivu kwenye shimo kuku wanaoga na utitiri hawakuwahi kuuona. Mama, bibi alikuwa sahihi kwa kuku wake kumi na tano, majivu yanafanya kazi karibu na ile silika niliyosema, yanakausha mdudu aliye juu ya kuku. Waachie waoge majivu, hayana hasara. Lakini kuku wa bibi walikuwa wanalala juu ya mwembe, mwembe hauna viungio vya misumari. Wewe una 800 kwenye banda moja, majivu peke yake hayatafika kwenye ufa.

Kijana pale nyuma, sema kwa sauti. Anauliza dawa ya kuogeshea ng'ombe, au ile ya mbwa, mbona inaua utitiri vizuri sana na ni rahisi. Hili swali nililingoja. Inaua, ndiyo. Uholanzi na Ubelgiji mwaka 2017 kuna jamaa walikuwa wanauza huduma ya kupuliza mabanda ya leya, wanasema dawa yetu ya mimea, ina harufu ya mkaratusi, wafugaji wakafurahi utitiri umeisha kabisa. Kumbe ndani wamechanganya fipronil, dawa ya kuua wadudu ambayo kwa mnyama wa chakula Ulaya ni marufuku. Ilipogundulika kwenye mayai, mamilioni ya mayai yakatolewa madukani, maduka ya Aldi Ujerumani wakaondoa mayai kwenye rafu, nchi zaidi ya 40 zikakuta zimeguswa, kuku kwa mamilioni wakauliwa Uholanzi, mashamba yakafungwa, na waliouza wakafungwa jela. Mwezi wa nane mwaka huo huo Korea Kusini nao wakakuta fipronil na bifenthrini, dawa nyingine ya wadudu, kwenye mayai yao, kwa sababu hiyo hiyo ya utitiri. Wale wafugaji wengi wao hawakujua kilichopulizwa. Wewe unajua, unaichanganya mwenyewe kwenye ndoo. Dawa inaingia kwenye mafuta ya kuku na kwenye kiini cha yai na inakaa wiki nyingi. Nikikuta yai lako kwa mtoto wangu tutagombana.

Unauliza sasa nitumie nini. Kuna dawa mpya inaitwa fluralana, inawekwa kwenye maji ya kunywa, miligramu 0.5 kwa kilo ya kuku, mara mbili zikipishana siku 7, Ulaya waliiruhusu mwaka 2017 na kwa mayai hakuna siku za kusubiri. Mdudu akinyonya damu anakufa. Zile siku 7 mmeshaelewa ni kwa nini, wale waliokuwa mayai mara ya kwanza sasa wameshaanza kunyonya. Ni ghali, uzito wa kuku upime siyo ukisie, na uipate kupitia daktari wa mifugo mwenye leseni, siyo kwenye chupa isiyo na lebo. Na hata hiyo ukiitegemea peke yake kila batchi, baada ya miaka wadudu watazoea, kama walivyozoea dawa za jamii ya sipamethrini ambazo Ulaya sehemu nyingi haziwaui tena.

Mzee wangu hapa mbele. Anauliza chanjo ya taifodi, inafaa au ni biashara. Inafaa mzee. Ile 9R ipo tangu miaka ya hamsini, Smith wa Uingereza ndiye aliyeitoa, ni bakteria hai waliodhoofishwa, mnachoma kabla kuku hawajaanza kutaga na kurudia. Ila mambo mawili. Moja, ni hai, kwahiyo ukiwa unawapa antibayotiki wiki hiyo umeichanja na kuiua siku moja, na hili nimeliona kwa watu wenye diploma kabisa. Pili, chanjo inapunguza vifo, haifungi mlango, kuku aliyechanjwa akilala kwenye utitiri unaomnyonya kila usiku, hana damu, ana stresi, hiyo kinga atajengea na nini.

Dada wa keji. Anasema ana keji za chuma hana mbao hata moja kwahiyo mada haimhusu. Dada, ulisikia ile hesabu ya 50,000, ilikuwa keji hiyo. Kaangalie pale waya mbili zinapokutana na kile kishikizo cha plastiki, na chini ya mkanda wa mayai, na kwenye ncha za kile kibomba cha kulishia. Nenda na tochi leo usiku, pitisha kidole na karatasi nyeupe, ikitoka nyekundu nipigie, namba wanayo waandaaji.

Swali la mwisho manake wanataka ukumbi. Kaka anauliza kama banda la mabanzi la zamani lenye utitiri wa miaka alichome moto tu ajenge upya. Kaka, kama ni la miti na limeshaoza na taifodi imekurudia zaidi ya mara moja, piga hesabu ya kuku waliokufa na dawa ulizonunua, linganisha na tofali mia kadhaa na mifuko ya simenti. Nyumba ya leya siyo lazima iwe nzuri, iwe na ukuta laini uliosakafiwa mpaka juu, nguzo za bomba au za mti uliochongwa, viota vinavyotoka, fito zinazotoka. Kama hesabu haijafika bado, basi anza na magome wiki hii, na yale magome usiyarundike nyuma ya banda, yachome siku hiyo hiyo.